Pasipoti Mbili Kabatini

Chama chetu kiliniomba niandike juu ya masomo ya chuo kikuu. Nimeona heri niandike juu ya binamu yangu, kwa maana habari yake ndiyo inayoninyima usingizi.

Binamu alizaliwa Marekani wakati ami alipokuwa akisoma huko. Aliletwa Umoja akiwa hajaota meno. Tunakula sahani moja, tunapanda matatu moja, na hesabu mimi ndimi humfunza. Lakini Marekani inamhesabu kuwa raia kwa sababu alizaliwa katika ardhi yake, nayo Katiba yetu ya 2010 inasema kwamba mtoto wa mama au baba Mkenya ni Mkenya popote azaliwapo. Kabla ya 2010 mtu mzima hakuruhusiwa uraia wa nchi mbili, ilimbidi achague. Sasa jamaa ana pasipoti mbili kabatini, na mimi sina hata moja!

Basi sikizeni. Tukipata C+ au zaidi katika KCSE, sote wawili tutaomba nafasi kwa KUCCPS, na huko kinachotazamwa ni alama na kozi tuliyochagua. Hana la kunizidi. Tukiomba chuo cha Marekani, mambo hugeuka. Huenda fomu zetu zikasomwa na afisa mmoja anayeshughulikia Afrika, naye atataka kujua shule yetu ni ya aina gani na kila mmoja alifanya nini kwa kile alichokuwa nacho. Mpaka hapo tuko sawa. Kisha afisa afika penye karo. Binamu ni raia, anaweza kuomba msaada wa serikali ya kule. Mimi naulizwa taarifa ya benki. Mama huuza sukuma wiki karibu na soko la Mutindwa, na benki yake ni kibindo cha leso. Vyuo vingi vya huko hutazama mfuko wa mgeni kabla ya kumkubali. Harvard, Yale, Princeton na MIT havifanyi hivyo, lakini mlango wao ni tundu la sindano. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; nadhani wenye vyuo waliisikia methali hiyo wakaielewa kwa njia yao.

Lakini pasipoti haitoshi kila mahali. Raia wa Uingereza aliyelelewa Nairobi anaweza kutozwa karo ya mgeni, kwa kuwa wao huuliza umeishi wapi miaka mitatu kabla ya masomo. Mimi naona hiyo ndiyo hesabu ya haki zaidi. Nilipomwambia binamu hivyo, alininunia siku mbili.

Na kuna rafiki yetu wa Eastleigh, mkimbizi kutoka Somalia. Ameimba wimbo wa taifa pamoja nasi tangu darasa la kwanza, na mtihani atakaoufanya ni huu huu wetu. Tegemeo lake ni ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR imeusimamia tangu 1992, au shirika la WUSC la Kanada, ambalo tangu 1978 huwapeleka vijana wakimbizi vyuoni kule. Nafasi ni chache, na wanaozitaka ni wengi mno.

Mwaka ujao tutajaza fomu mezani kwa ami. Penye swali la uraia binamu atahitaji mistari miwili. Nimemwambia yule wa Eastleigh naye aje, bora tu stima isipotee.