Magari ya Tata

Mwaka jana nililipwa dola 30 kuandika maneno 2,000 juu ya nyumba za magurudumu. Mteja alikuwa Marekani. Mimi nilikuwa ndani ya Probox ya mzee wangu, nyuma ya nyumba yetu karibu na Keroka, saa saba usiku, laptopu kwenye mapaja. Kijana wa Kigusii akishatahiriwa hujengewa kibanda chake, esaiga, na mimi ninacho, lakini kinavuja na mtandao haushiki. Kwenye Probox mtandao unashika, kwa hivyo hiyo ndiyo ofisi yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: eleza jinsi wenye magari ya kulala wanavyohama kutoka gari moja hadi lingine miaka inavyosonga.

Wacha nikueleze, maana hata mimi sikuwa najua. Kuna Wamarekani ambao likizo yao ni barabara. Wanaanza na hema. Wakishanyeshewa vya kutosha wananunua trela ndogo ya kuta za turubai, inakunjwa na kuvutwa na gari la kawaida. Watoto wakija, trela inakuwa kubwa, ya kuta ngumu, yenye jiko. Halafu siku pesa zikikubali wananunua basi zima, kama matatu ya siti 33, ila ndani kuna bafu, choo, friji na kitanda cha watu wawili.

Nilidhani hadithi inaishia hapo juu. Kumbe wengi wakishafika kwenye basi, wanashuka. Watoto wameenda zao, mafuta ni ghali, basi haliingii kila mahali, na macho ya kuendesha usiku si yale ya zamani. Wanaliuza na kuchukua kigari kidogo cha kulala wawili. Na ukiwasikiliza, hawasemi wameanguka. Wanasema wamechagua.

Nilipoandika neno hilo, wamechagua, nilifunga laptopu. Nikabaki nikiutazama usukani kwa mwanga wa simu. Kwa miaka tisa nilikuwa naamini kwamba mzee wangu alishuka, na kwamba mimi ndiye nilimshusha.

Kabla sijaendelea, kitu kimoja. Kwa Ekegusii baba anaitwa tata, na mama anaitwa baba. Ndiyo, soma tena. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, jamaa tuliyekaa naye chumba kimoja alinisikia nikisema "baba" kwenye simu huku sauti upande wa pili ikiwa ya mwanamke, na hakuuliza kitu kwa wiki mbili. Halafu kwa kuwa nimepewa jina la babu, mzee naye ananiita tata. Tunaitana hivyo: tata huku, tata kule.

Chombo cha kwanza cha tata kilikuwa baiskeli, Black Mamba, mwaka 1986. Alibeba ndizi kutoka shambani hadi sokoni, mikungu minne kwenye keria. Kama umewahi kufika kwetu unajua hakuna tambarare. Kuteremka anapanda, kupanda anasukuma. Mwenyewe husema nusu ya safari ni yeye aliyeibeba baiskeli.

Mwaka 1995, bonasi ya majani chai ikiwa nzuri na ndugu yake akimwongezea, alinunua Peugeot 504 pikapu, rangi ya maziwa, iliyokwisha kutumiwa na wawili kabla yake. Siku hizo ukisema Peugeot, mtu alikuwa anakuelewa. Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 na 504, na wazee wa rika la tata wanaizungumzia kana kwamba walikuwa wameketi naye mle ndani. Tata aliweka turubai na mabenchi mawili nyuma. Siku za kawaida ilibeba ndizi, siku za soko ikabeba watu, na siku zingine watu na ndizi pamoja. Mimi nililetwa nyumbani kutoka hospitali na gari hilo mwaka 1996.

Halafu zikaja sheria za Michuki, Februari 2004. Wewe wa Nairobi labda unazikumbuka kwa mstari wa njano na sare za makanga. Kwetu zilimaanisha mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na benchi la mbao halina pa kufungia mkanda. Tata aliuza Peugeot, akachukua mkopo kwenye sako, na mwaka 2005 akaja na Nissan ya watu 14. Nyuma iliandikwa kwa herufi nyekundu: TUMETOKA MBALI.

Sijui nikueleze vipi ilikuwaje kuwa mtoto wa mwenye Nissan. Kanisani tata alianza kuombwa kusimamia harambee. Watu waliacha kumwita kwa jina la mtoto wake, wakamwita mwenye gari. Nikitoka shule makanga alinipakia bure na kuniketisha mbele, nami naangalia wenzangu wakitembea kando ya barabara. Ilikuwa inafanya Kisii hadi Sotik. Mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika mpaka wa Borabu na Sotik, ilikaa nyumbani wiki kadhaa. Tulicheza ndani yake kutwa, mimi dereva, dada yangu makanga, nauli majani ya chai. Mpaka leo nikisikia neno utajiri, picha inayonijia ni zile siti 14 zikiwa tupu, zote zetu.

Nilifanya KCSE mwaka 2014. Alama zangu zilitosha kuingia chuo kikuu lakini hazikutosha kufadhiliwa na serikali. Ilibidi nijilipie, na unajua kujilipia maana yake ni mzazi. Agosti 2015 mtu alikuja kutoka Migori na pesa kwenye mfuko wa nailoni. Nissan ikatoka langoni. Mwezi uliofuata mimi nikaenda Nairobi kusomea takwimu, na tata akanunua Probox.

Hebu niizungumzie Probox kidogo, kwa sababu watu wa nje huicheka. Toyota waliitoa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, la wauzaji na la kupeleka mizigo. Siti za nyuma zinalala, nyuma kunakuwa sakafu moja ndefu. Kwetu mafundi wanaongezea springi za nyuma, na gari la watu watano linapanda Keumbu na watu kumi: wanne mbele, mmoja wao amekalia siti moja na dereva, wanne katikati, wawili kwenye buti wakiangalia walikotoka. Kati ya Kisii na Keroka, ambako upande mmoja wa mji uko Kisii na mwingine Nyamira, Probox ndiyo ambulansi, ndiyo lori la ndizi, ndiyo gari la harusi.

Lakini hakuna anayemwita mwenye Probox mwenye gari. Wanamwita dereva. Nililigundua hilo nilipokuja likizo ya kwanza, pale stejini, kijana wa rika langu aliposema, "Dereva, songa tukae." Tata akasonga. Mimi nikashuka, nikasema nitapanda boda.

Mwaka wa tatu niliacha chuo. Ningependa kuwa na sababu nzito ya kukupa. Sina. Nilikuwa nimeanza kuandikia watu makala mtandaoni, pesa kidogo kidogo zinaingia, na darasani nilikuwa nahisi kama abiria aliyepanda gari lisilo lake na anaona haya kusema shukisha. Kwanza nilikosa wiki, halafu mwezi. Kufikia Februari 2018 sikuwa mwanafunzi tena isipokuwa kwenye simu. Kwenye simu nilisoma kwa bidii sana. "Masomo yako aje, tata?" "Yako sawa, tata." Na karo iliendelea kuingia kwenye M-Pesa yangu, kwa vipande: 5,000 leo, 3,000 Jumatatu. Hesabu ya Probox hiyo. Watu kumi mara nauli ya Keroka, toa mafuta, toa mengine. Nilikuwa nimesomea takwimu, ningeweza kuhesabu kila kipande ni safari ngapi. Sikuhesabu.

Desemba 2018 nilishuka Kisii na basi la jioni. Tata alikuwa amenisubiri, na alikuwa amekataa abiria. Nataka uelewe hilo: wiki ya Krismasi, mvua, watu wamejaa stejini na mizigo, na yeye amefunga milango ili mwanawe wa chuo kikuu akae mbele peke yake. Nilijua nisipomwambia hapo sitamwambia kamwe. Lakini tulipita Nyanchwa nikiwa kimya, tukaanza mlima nikiwa kimya.

Keumbu alisimamisha gari kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi mbivu chini ya mwavuli. Akanipitishia kichane.

"Umekula?"

"Nimekula karo, tata. Ya semista mbili. Niliacha chuo."

Mvua ilikuwa inapiga paa. Alimenya ndizi taratibu mpaka mwisho, kama anayetafuta kitu ndani ya ganda.

"Nimeuliza chakula," akasema.

Basi. Hakuongeza neno mpaka nyumbani, na baada ya hapo hatukulizungumzia tena. Si kwamba alinuna. Asubuhi aliniita tukaangalie oili. Lakini lilikaa kati yetu kama yule abiria wa nne wa mbele, hakuna anayemtaja na kila mtu ameminywa.

Nilirudi nyumbani kabisa mwaka 2020, wakati wa korona, kazi za wateja zilipokauka. Nikawa namsaidia kuosha gari, kwenda kwa fundi, kupeleka mama hospitali. Wateja walirudi polepole. Tumeishi hivyo.

Sasa, asubuhi baada ya ile makala, nilimkuta tata anajaza maji kwenye rejeta. Nikamsimulia habari za Wamarekani: hema, trela, trela kubwa, basi, halafu kigari kidogo. Alicheka sana aliposikia kuhusu choo. Halafu akauliza swali ambalo mteja wangu asingewahi kufikiria kuuliza.

"Na hao wanaouza basi wakachukua kadogo, watu hawawacheki?"

"Sijui. Wanasema walichagua."

Akafunga boneti. Akapangusa mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Ile Nissan ilikuwa imenichosha," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa unaona siti. Mimi nilikuwa naona makanga anaficha pesa, dereva wa zamu amegonga, sako wanataka yao, spea, barabara kila mtu amenyoosha mkono. Miaka kumi sikulala. Nilikuwa natafuta sababu ya kuiuza ambayo haitanipa aibu. Chuo chako kikaja. Nikaenda kanisani nikasema, nimeuza gari kijana asome. Wakanipigia makofi, tata. Wewe hukunikosesha kitu."

Ningependa kuishia hapo. Lakini jioni, tukichuma chinsaga, nilimuuliza mama kama ni kweli. Mama hakuinua macho kutoka kwenye mboga.

"Siku Nissan ilienda," akasema, "hakula. Nilipika obokima, kuku, akasema ameshiba. Alikaa pale nje kwenye alama za magurudumu mpaka giza."

Kwa hivyo sijui. Labda ananidanganya kwa upendo, jinsi nilivyomdanganya kwa woga. Labda mtu anaweza kuchoshwa na kitu na bado kikimtoka akose hamu ya kula. Nikijiangalia mwenyewe naona ndivyo ilivyo. Niliacha chuo kwa hiari yangu, hakuna aliyenifukuza, na bado kila msimu wa mahafali nazima simu kwa siku mbili. Nilichagua na kinaniuma. Sikuwa najua hayo mawili yanaweza kuwa ya mtu mmoja mpaka nilipomsikiliza mzee wangu akiongea na kitambaa chenye oili mkononi.

Ile dola 30 ilipoingia, karibu shilingi 3,900, nilimpelekea tata yote. Nikasema ni mwanzo wa kulipa semista mbili. Aliitazama ile simu, akanirudishia.

"Nunua godoro," akasema. "Lile jembamba."

Nikadhani ni la esaiga. Kumbe hapana. Alikuwa amekaa na hadithi ya wale Wamarekani. Nilikuwa nimemwambia pia kwamba Japani kwenyewe kuna watu wanalala ndani ya Probox, wanaweka mapazia na kutembea nchi yao nzima. Jumapili baada ya kanisa nilimkuta amelaza siti za nyuma, amelala chali kwenye ile sakafu na suti yake, viatu nje, anapima urefu. Ana miaka 60 na kidogo, amebeba watu tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kuona bahari.

"Inatosha ukilala mshazari," akasema. "Wawili ni kupangana tu. Keroka mpaka Mombasa ni siku mbili, bila haraka."

Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Alisema yeye si kuku, hatalala kwenye gari.

Godoro limeshafika, liko kwenye esaiga yangu, mahali pasipovuja. Tunangoja bonasi ya majani chai itoke. Na juzi nilimsikia mama, akidhani hakuna mtu, akimuuliza tata hayo mapazia yatakuwa ya rangi gani.