Leonard Cohen na Sala za Wazee Wake

Wako watu wadhanio kuwa mwenye kurithi dini ya wazee wake hana budi kuchagua moja katika mawili: ama aishike kama alivyopewa, ama aitupe. Mtunzi wa nyimbo Leonard Cohen aliona njia ya tatu, nami nataka uitazame, msomaji.

Alizaliwa mwaka 1934 mjini Montreal, Kanada, katika jamaa ya Kiyahudi. Jina la Cohen, kwa Kiebrania, maana yake ni kuhani. Babu yake mzaa mama alikuwa mwanachuoni wa dini. Na katika sinagogi la jamaa yao, Shaar Hashomayim, alizoea kusikia sala tangu utotoni.

Moja ya sala za Wayahudi husomwa katika Mwaka Mpya wao na Siku ya Upatanisho. Hutaja mauti ya namna nyingi yawezayo kuwapata watu katika mwaka unaoingia, yakiwamo ya maji na moto, ya njaa na kiu. Kisha hufariji kwamba toba, sala na sadaka hupunguza ukali wa hukumu. Kutokana na sala hiyo Cohen alitunga wimbo “Who by Fire”, uliotoka mwaka 1974. Aliongeza mauti ya zama zetu, kama yale ya dawa za usingizi. Lakini ile faraja hakuitia. Mahali pake aliweka swali la kutaka kumjua yule anayewaita watu.

Je, huko ni kuvunja heshima? Mimi sioni hivyo. Aliyeitupa sala hahangaiki kuiuliza neno. Katika “Story of Isaac”, wa mwaka 1969, alisimulia kafara ya Ibrahimu kwa kinywa cha mtoto, akawakemea watu wazima wawatoao watoto sadaka. Siku hizo vijana wengi walikuwa wakifa katika vita vya Vietnam.

Mwaka 2016, akiwa mzee mgonjwa, alitoa “You Want It Darker”. Kwaya ya sinagogi lile lile iliimba pamoja naye, naye akatamka “hineni”, jibu la Ibrahimu alipoitwa na Mungu, yaani “mimi hapa”. Alifariki Novemba mwaka huo. Aliyekuwa ameuliza ni nani aitaye, sasa aliitika.

Nawe, msomaji, umeachiwa sala, nyimbo na visa vya wazee wako. Vijue vyema kwanza, kisha usiogope kuviuliza maswali.