Mbege Haikuzaliwa Chupani

Wapo vijana siku hizi wanaoiona mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, kama bia iliyochelewa shule. Eti ikichujwa, ikaongezwa sukari, ikatiwa kwenye chupa na kugongwa kizibo, baada ya wiki itatoa povu kama la baa na kuuzwa kwa bei ya baa. Mabibi zao wa Marangu na Machame, huko Kilimanjaro, hawakukosa chupa. Tanganyika Breweries ilianza kupika bia Dar es Salaam miaka ya 1930, na chupa zake tupu zilienea kila mahali, zikatiwa mafuta ya taa, asali na samli. Mbege yenyewe ikabaki kwenye pipa na kata. Kijana anasema huo ulikuwa umaskini au ushamba. Mimi nasema ulikuwa ujuzi, na kwamba chupa ni kazi nyingine kabisa, yenye masharti ambayo mpishi wa mbege hakuwahi kuyahitaji.

Tazama jinsi ilivyopikwa. Ndizi ziliachwa zikaiva hadi zikalegea, zikachemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke zenyewe. Hiyo ndiyo nyalu. Ulezi ulioteshwa na kukaushwa ukasagwa na kupikwa uji, yaani mso. Gome la msesewe likatia uchungu. Vikichanganywa, kilichofuata kiliongozwa na pua. Kwanza nyumba nzima ilinukia ndizi mbivu, utamu mzito wa kuvutia nyuki. Kisha utamu ukapungua na ukali ukapanda, harufu ya unga uliolowa ikichanganyika na ile ya gome. Halafu ikafika saa ambayo mama mpishi, bila kuonja, aliagiza watu waitwe. Mbege ilinywewa ingali hai, povu likitambaa juu ya kata, kwa sababu kesho yake ingekuwa kali na keshokutwa ingekuwa siki. Gesi yote iliyozaliwa humo iliondoka ilipotaka. Hakuna aliyehitaji kujua ni kiasi gani.

Chupa iliyozibwa haitoi ruhusa hiyo. Chachu ikila sukari huzaa pombe na gesi ya kaboni, na gramu 4 za sukari katika lita 1 huzaa gesi inayokaribia lita 1. Bia ya kawaida hubeba lita mbili na nusu hivi za gesi kwa kila lita, na karibu lita 1 kati ya hizo hubaki ndani yake tangu ilipokuwa inachachuka. Kwa hiyo mpishi wa nyumbani anayejua kazi hupima gramu 6 za sukari kwa lita, yaani gramu 120 kwa ndoo ya lita 20, akaziyeyusha katika maji yaliyochemshwa na kuzichanganya na bia yote kabla ya kumimina chupani. Anayetia kijiko cha chai kilichojaa hadi juu katika kila chupa ya nusu lita ameweka maradufu ya kipimo hicho, na hajui. Tena hesabu hiyo ni halali tu iwapo bia imekwisha kuchachuka. Ndiyo maana kuna haidromita, ndugu wa kile kifaa ambacho wakusanya maziwa hukitumbukiza kwenye maziwa ili wajue kama yametiwa maji. Ikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, kazi ya chachu imekwisha. Ikiwa zilibaki pointi 4 tu za kushuka kwenye haidromita, hizo peke yake zitazaa kama lita 2 za gesi kwa kila lita, juu ya ile uliyoikusudia, na chupa inaweza kupasuka. Sasa mbege, ambayo uzuri wake wote ni kunywewa kabla haijamaliza, utaipimaje? Ina chachu za porini na bakteria wanaoendelea kula, na baadhi ya chachu za aina hiyo hula hata sukari tata ambazo chachu ya dukani huziacha.

Wafaransa wenyewe walijifunza kwa vigae. Wenye ghala za mvinyo wenye gesi wa Champagne walizoea kupoteza sehemu kubwa ya chupa zao kila mwaka kwa kupasuka, na wafanyakazi waliingia humo wamevaa vinyago vya chuma. Nafuu ilianza miaka ya 1830, pale Jean-Baptiste François, mfamasia wa Châlons, alipoonyesha namna ya kupima sukari iliyobaki katika mvinyo kabla ya kuufunga. Chupa ngumu ilisaidia, lakini kipimo kilisaidia zaidi.

Watanijibu kwamba mgema hubeba pombe yake kwenye dumu na halipasuki. Kweli, kwa sababu kifuniko amekilegeza. Watasema friji itaizuia. Friji huipunguza chachu kasi, haiiui. Umeme ukikatika mchana kutwa, inaendelea ilipoishia. Hoja ya chupa za plastiki za soda ninaikubali: zinastahimili, zinavimba na kuwa ngumu mkononi kabla hazijashindwa, na zikishindwa hazirushi vigae machoni. Lakini wauzaji hawazitaki, wanataka kioo kwa sababu kioo kinapendeza mezani. Na kioo chenyewe wanachookota ni chembamba, cha kutupwa baada ya matumizi mara moja. Ile chupa nzito ya kurudishwa, iliyozoea kuoshwa na kujazwa tena na tena, inazidi kuwa adimu.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimuliwa. Miaka ya 1990 Banana Investments ya Arusha ilionyesha kwamba pombe ya ndizi inaweza kuingia chupani, lakini ni kiwandani, kwa vipimo. Kisha vikaja viroba, yaani pombe kali ya vipakiti vidogo, vikapigwa marufuku Machi 2017, na sasa kila mtu ni mzalishaji. Anayetaka kuuza bia ya ndizi yenye gesi aanze na mizani ya gramu, haidromita na chachu anayoijua, aachane na jina la mbege. Asiye na hivyo auze kwa kata, siku hiyohiyo, na chupa awaachie wenye asali.