Risasi Inayofika Mbali

Oktoba mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika kuhusu risasi. Mteja alikuwa Mmarekani mwenye karakana ya kuunda bunduki za kuagizwa, zile za kuwindia mbali. Alitaka maneno 2,000: ukitaka kumwangusha mnyama aliye yadi 1,000, yaani zaidi ya mita 900, uchague risasi gani kubwa? Malipo dola 40. Nilijibu kwamba niko tayari kabla sijamaliza kusoma ujumbe wake.

Sijawahi kushika bunduki. Naishi Bula Iftin, Garissa, chumba kimoja na ndugu zangu wawili. Chuo niliacha mwaka wa pili, baada ya ukame wa 2021 na 2022 kumaliza mbuzi ambao ndio walikuwa karo yangu. Tangu hapo nimeandika kuhusu magodoro, bima ya meno na chakula cha paka. Kazi za mtandaoni hazikuulizi unajua nini. Zinakuuliza utamaliza saa ngapi.

Kwa hivyo nikanunua bando, nikakaa chini nikasoma. Siku mbili nzima. Na wacha niseme ukweli, nilinogewa. Nilijifunza kwamba .300 Winchester Magnum ilitoka 1963 na bado inapendwa kwa sababu teke lake linavumilika begani. Nilijifunza kwamba .338 Lapua Magnum hutupa kichwa cha gramu 16 hivi kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde. Kichwa kirefu na chembamba hukata upepo vizuri kuliko kifupi kinene, ndiyo maana wa masafa marefu huangalia umbo kwanza, ukubwa baadaye.

Halafu nikakutana na kitu kikanigusa. Ganda la hiyo .338 Lapua, risasi ya kisasa kabisa, asili yake ni ganda la .416 Rigby. Na hiyo Rigby ni ya 1911, kutoka London, iliyotengenezewa nyati na ndovu wa huku kwetu na wanyama wakubwa wa India. Ganda lake lilifanywa kubwa makusudi. Baruti ya zamani hizo ilikuwa ikipata joto inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, bunduki inakwama, na wewe nyati yuko mbele yako. Ganda likiwa na nafasi, msukumo unabaki chini. Kwa maneno mengine, jua kama hili letu lina mkono katika umbo la risasi ambayo leo mtu anaiagiza kwenye theluji.

Nikamwendea awowe kumsimulia. Nilidhani nampelekea habari.

Awowe alikuwa mfuata nyayo na mbeba bunduki wa wawindaji waliokuja kando ya Tana, kusini mwa Garissa, miaka ya mwanzo ya sabini. Kiswahili chake ni cha kambi zile. Kazi iliisha 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima, na tangu siku hiyo hazungumzii mambo hayo. Kitu pekee kilichobaki ni ganda moja la shaba, urefu wa kidole cha kati, ambalo ayeyo alikuwa akitilia wanja. Ayeyo amefariki. Ganda bado lipo dirishani.

Alilichukua akalipa vumbi la mdomo, fuu. "Hii ndiyo Rigby yako," akasema.

Nikamuuliza basi, kwa mita mia tisa, yeye angechagua ipi.

"Waryaa, mnyama yuko mita mia tisa, na wewe miguu unayo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza habari ya mgeni mmoja aliyekuja na bunduki kubwa kuliko wote kambini. Aliambiwa asogee, upepo ulikuwa mzuri, ndovu hakuwa amewasikia. Akakataa. Kwa risasi ile, alisema, hana haja ya kusogea. Akapiga kutoka mbali, ikaingia tumboni. Awowe na mwenzake walifuata damu siku mbili. Siku ya tatu walimkuta mtoni amesimama, hawezi kunywa, hawezi kuanguka. "Alikuwa anatuangalia," awowe akasema. "Risasi ilikuwa kubwa. Ilikuwa mahali pabaya."

Nilikuwa nimesoma jambo hilohilo kwa njia nyingine. Kule Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, Mskoti aitwaye W. D. M. Bell aliua mamia ya ndovu, wengi wao kwa risasi ya milimita 7, ndogo kabisa kwa kazi hiyo. Alikuwa amepasua vichwa vya ndovu kujua ubongo unakaa wapi. Na alikuwa anasogea. Simsifu. Nasema tu kwamba hata huyo, aliyeua kiasi hicho, hakutegemea ukubwa.

Kuna jambo lingine ambalo sikumwambia mteja. Elimu yangu ya kwanza ya risasi niliipata Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015. Nilikuwa darasa la sita. Kulikuwa bado giza wakati milio ilipoanza upande wa Chuo Kikuu cha Garissa. Awowe alisimama uani, akasikiliza, akasema kwa sauti ndogo, "Hawa hawawindi." Walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi. Miaka baadaye nikiwa mwanafunzi mwenyewe, kila mlango ukigongwa kwa nguvu bwenini, nilikuwa nahesabu.

Kwa hivyo niliandika makala ile nikiwa na awowe bega moja na 2015 bega lingine. Niliweka kila kitu mteja alichotaka: uzito, mwendo, teke, bei ya risasi moja, maisha ya mtutu. Nikapendekeza .300 kwa wengi na .338 kwa wachache wenye bega na subira. Kisha nikaongeza aya moja mwishoni.

Mteja alilipa siku iyo hiyo. Akaandika kwamba kazi ni safi sana, ila ile aya ya mwisho ameitoa, haiuzi. Sikubishana. Dola 40 ni unga, ni bando, ni deni la dukani. Nilimnunulia awowe majani ya chai na sukari, sikumwambia zimetoka wapi, ingawa nadhani alijua.

Aya yenyewe ilikuwa hii:

"Kwa yadi 1,000, hata risasi bora hukaa hewani zaidi ya sekunde moja. Katika sekunde hiyo mnyama anaweza kupiga hatua, na hakuna ganda, baruti wala darubini itakayokuambia kabla. Kabla hujauliza risasi gani inafika mbali, jiulize kwa nini hutaki kusogea."