Mwendo wa Ndege na Mto Tana

Mtu akitwaa rula na ramani ya pwani ya Kenya, ataona jambo la ajabu. Garsen iko karibu kaskazini hasa ya Malindi, na Lamu iko karibu mashariki hasa ya Garsen. Basi msafiri wa gari huzunguka pembe mraba nzima: kiasi cha kilomita 107 kwenda kaskazini, kisha 90 hivi kuelekea baharini, nayo mapindi ya barabara hayamo katika hesabu hiyo. Ndege hukata moja kwa moja. Toka kiwanja cha Malindi hata kile cha Manda ni kilomita 140 hivi, yaani maili za baharini 76.

Wengi hugawanya umbali kwa mwendo wakadhani wamemaliza. Ndege iendayo kilomita 280 kwa saa ingefika kwa nusu saa kamili. Lakini kuna kupanda na kushuka, na upepo wa kusi umsukumao rubani akienda ndio umzuiao akirudi. Tena abiria akishuka Manda angali na maji ya kuvuka kwa mashua.

Barabara haikuzungushwa kwa ujinga. Chini ya Garsen mto Tana hutawanyika katika vinamasi. Ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 1961, 1997 na 2023, njia hukatika, na safari ya saa chache huwa ya siku kadhaa, au haiwi kabisa. Hapo mgonjwa mahututi huweza kuokolewa na ile nusu saa ya ndege. Mwenye magunia ya maembe yaliyokwisha kuiva hana njia hiyo. Nauli ingeyala yote kabla hayajafika sokoni.