Ndege za mti mwepesi hapa Kindu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia vita na kupokewa katika mji wetu, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya mafuta. Nawaletea habari ya ndege wanazochonga watoto hapa Kindu.

Huko Marekani na Ulaya, ndege kama hizo huuzwa ndani ya boksi: vipande vya mti wa balsa, karatasi ya mchoro, na unatafuta kole. Balsa ni mti mwepesi sana wa Amerika ya Kusini. Wakati wa vita kuu ya pili, Waingereza waliutumia hata kujenga ndege ya kivita, Mosquito. Kwetu boksi hakuna, lakini mti upo. Parasolie, ule unaoota haraka katika mashamba yaliyoachwa na kufungua majani kama mwavuli, nao ni mwepesi. Asiyeupata anachonga moyo wa tawi la rafia.

Bawa linakatwa kufuata nyuzi za mti. Ukikata kinyume, linavunjika siku ya kwanza. Magurudumu yanatoka katika kandambili kuukuu. Kisha puani unabandika udongo kidogo. Unaweka vidole viwili chini ya mabawa, karibu na ukingo wa mbele. Ndege ikikaa sawa, itaruka. Mkia ukilala, ongeza udongo. Pua ikilala, punguza.

Haya nimefundishwa na mtoto wa miaka kumi hivi, ambaye familia yake ilikimbia vita na kupokewa na jirani zangu. Alipofika, ndege ikipita kwenda uwanjani, alikuwa anaingia chini ya kitanda. Mama yake aliniambia: "Kule kwetu, kitu kikilia juu, ni kukimbia." Watoto wa mtaa ndio walimpa wembe na kipande cha mti. Sasa akisikia sauti anatoka nje, anaangalia kama mabawa yako juu ya mwili ao chini, halafu anarudi kurekebisha yake.

Sisi wa Kindu pia tuna kumbukumbu nzito ya ndege. Tarehe 11 Novemba 1961, Waitaliano 13 wa Umoja wa Mataifa, waliotua hapa kuwaletea wanajeshi wa Malaya vifaa, waliuawa. Lakini tope likikata barabara, tunatazama juu tukingoja dawa na bidhaa.

Wazazi, wembe usiachwe kwa mtoto mdogo peke yake. Mkubwa akate, mdogo asugue kwa msasa ao jiwe. Vipande vinavyobaki msivitie vyote motoni. Na mkipokea mtoto mgeni, msianze kumuuliza aliona nini. Mpeni kipande cha mti kwanza. Yule wa jirani zangu alianza kusimulia mwenyewe, siku ya tatu, akiwa anachonga mkia.