Mama Alinishukuru kwa Fedha Yake

Kwa misimu minne ya kahawa mama yangu alikuwa ananipigia simu kunishukuru. "Asante baba, hela imefika. Mungu akuongezee." Na mimi, nikiwa kwenye daladala au mezani kwangu ofisini Dar es Salaam, nilikuwa najibu, "Usijali mama, ni wajibu wangu." Kisha nakata simu nikijisikia mtoto mwema.

Hela yenyewe ilikuwa yake. Kahawa ilikuwa yake pia: yeye ndiye aliyeipalilia, akaichuma, akaianika na kuibeba hadi kwenye mizani. Ila baba alipofariki mwaka 2018, kikao cha ukoo kilikaa kikaamua kwamba mimi, mtoto wa kiume wa kwanza, nishike nafasi yake. Jina lake likatolewa kwenye orodha ya wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, langu likaandikwa. Akaunti ya benki ikawa yangu. Kahawa ikiuzwa mnadani, malipo yanaingia kwangu, mimi namtumia mama kwa simu. Namtumia nyingi, ila si zote. Kuna nauli, kuna kodi ya nyumba, mjini mambo hayaishi.

Naandika haya kwa sababu kazi yangu ni uandishi wa habari, na katika miaka hiyo hiyo minne niliandika makala zisizopungua kumi kuhusu "kumwezesha mwanamke wa kijijini". Mojawapo ilipata tuzo ndogo. Hakuna hata moja iliyomtaja mama.

Kwetu ni Maguu, kata iliyoko juu kwenye milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Maji ya milima hii yanashuka pande mbili: mengine yanakwenda Ziwa Nyasa, mengine yanakwenda Mto Ruvuma, ule unaotutenganisha na Msumbiji huko chini. Machi 2023 nilifika nikiwa na daftari na kamera, nimetumwa kuandika habari ya kikundi cha akina mama wenye kitalu cha miche kando ya kijito. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Nikakaa wiki tatu.

Machi kwetu ni mwezi wa ngolo. Kama hujawahi kuona ngolo, simama ng'ambo ya bonde utazame mlima wa pili: utadhani mtu ametandika sega la nyuki kutoka kileleni hadi kijitoni. Ni mashimo mamia kwa mamia yamepangwa sawasawa, na kila shimo limezungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kuteremka na udongo. Majani yaliyofukiwa ndani ya matuta yanaoza na kuwa mbolea. Maharage yanapandwa juu ya matuta, mwaka unaofuata yanafuatiwa na mahindi, kisha ardhi inapumzika kidogo na mashimo yanachimbwa upya.

Wasomi wameyasoma mashimo haya muda mrefu. Mwaka 1938 Mwingereza mmoja, A. H. Pike, aliandika kuhusu Wamatengo na hifadhi ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka ya 1990 wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Kinachowashangaza ni kwamba watu wamelima miteremko mikali hivi kwa zaidi ya miaka 100 na udongo bado upo.

Ila nani anachimba? Mwanaume anafyeka majani kwa nyengo, anayaacha yakauke, kisha anayapanga katika miraba, kila mmoja upana wa mita moja na nusu hivi. Hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya mraba na kufunika majani kwa udongo pande zote nne. Halafu anahamia mraba wa pili, na wa tatu, mpaka mlima uishe. Nilijaribu siku moja. Nilichimba mashimo kumi na moja nikakaa chini. Mama, mwenye miaka sitini na mbili, alinitazama tu, akasema, "Pumzika baba, hizo kazi si zako," akaendelea.

Mpaka siku ile nilikuwa naamini kwamba hifadhi ya mazingira ni kitu kinacholetwa vijijini na gari lenye nembo mlangoni.

Kitaluni niliwakuta akina mama kumi na tisa wakijaza udongo kwenye viriba. Walikuwa na miche ya mikuyu kwa ajili ya chanzo cha maji, migrevilea ya kivuli cha kahawa, na parachichi za kuuza. Nikauliza maswali yangu ya kawaida. Mradi umewasaidiaje? Changamoto ni zipi? Wakajibu majibu ya kawaida: tunashukuru, tunaomba wafadhili zaidi. Pande zote mbili tulikuwa tunaujua mchezo.

Nilipofunga daftari ndipo mazungumzo yalipoanza. Mmoja, ambaye mimi namwita shangazi, akasema, "Sasa muulize mwenzio hapo miche yake ataipanda wapi." Mwenzake akacheka bila furaha. Mume amemkataza. Maharage apande, mahindi apande, mti hapana. Nikauliza kwa nini. Wakanitazama kama mtoto.

"Harage linaondoka Julai," shangazi akasema. "Mti unakaa miaka thelathini. Ukipanda mti umesema shamba ni lako."

Katika vipeperushi vyote vya miradi nilivyosoma, sijawahi kukutana na maelezo mafupi ya kosa lao kama hayo. Tunawapa wanawake miche, mafunzo na fulana, halafu tunawaambia wakapande kwenye ardhi ambayo hawana sauti juu yake. Mwaka ukiisha tunakwenda kuhesabu miche iliyokufa na kuandika kwamba mwamko bado mdogo.

Wakaniambia na la pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Ni sheria nzuri na maji yanaihitaji. Lakini kwenye mabonde yetu, ndani ya mita hizo 60 ndimo zilimo bustani za mboga za kiangazi, na bustani hizo ni za wanawake. Kahawa ya mwanaume iko juu mlimani, haiguswi. Kwa hiyo bonde likihifadhiwa, wa kwanza kupoteza ni yule mwenye kipande kidogo kuliko wote. Na ndiye huyo huyo anayeombwa kuotesha miche ya kulihifadhi! Hawakuwa wanapinga. Walikuwa wanauliza tu: na sisi tutapewa nini mahali pake?

Swali lao halikuwa jipya, na liliwahi kujibiwa. Wangari Maathai alipoanza kazi ya Green Belt Movement kule Kenya mwaka 1977, wanawake waliootesha miche walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Hela ilikuwa ndogo, ila iliingia mkononi mwa aliyeushika mche. Alipopewa Nobel mwaka 2004 sisi waandishi tuliandika sana kuhusu miti. Kuhusu mkono uliolipwa tuliandika kidogo.

Hata Mbinga yenyewe ina mfano. Kati ya mwaka 1999 na 2004 Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa msaada wa Japani kupitia JICA, kilifanya kazi na wanakijiji wa Kindimba, na humo wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Mwanamke aliyekuwa anabeba mahindi kichwani kupanda na kushuka milima kwenda kwenye mashine ya dizeli akapumua. Na kwa kuwa maji yakipungua mashine inasimama, watu wakautazama msitu ulio juu ya kijito kwa jicho jingine na wakapanda miti. Ukitunza chanzo, unga unapatikana, na mwenye kuhitaji unga anaona faida yake jioni hiyo hiyo.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza waume wabaya wanaokataza wake zao kupanda miti, nikaanza kutunga aya ya kwanza ya makala kichwani. Ndipo nikakumbuka orodha ya chama cha msingi. Mama naye alikuwa kwenye kile kikundi, ana miche arobaini ya grevilea uani. Angeipanda kwenye shamba la nani? La kwangu.

Asubuhi nikamuuliza mbona haijapandwa. Akajibu akiwa anapepeta maharage, bila kuniangalia: "Nilikuwa nakusubiri uje useme pa kupanda."

Msomaji, sina namna ya kuipamba hiyo sentensi. Mwanamke aliyelima ule mlima tangu mimi sijazaliwa alikuwa anasubiri ruhusa ya mtu asiyeweza kuchimba mashimo kumi na mbili.

Nilirudi kwenye sheria, maana ndiko ninakojua kutafuta. Nilikuta mbili zinazogongana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, tena inataka angalau wajumbe watatu kati ya saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Lakini kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kutunzwa! Hicho ndicho nilichokuwa nafanya. Nilikuwa namtunza mama kwa hela yake, naye ananishukuru.

Nikaomba kikao. Zamani kwetu kulikuwa na sengu, wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa mzee na mashauri yanaamuliwa hapo hapo. Siku hizi sengu imebaki jina, ila mpangilio wa viti haujabadilika sana. Baba mdogo alikaa mbele. Nikasema nataka uanachama wa chama urudi kwa mama, na shamba liandikwe jina lake katika hati ya hakimiliki ya kimila.

Kimya. Kisha baba mdogo akasema kwa upole, si kwa ugomvi, "Mwanangu, mama yako tunamheshimu. Lakini yeye ni wa kuja. Huu ntambo ni wa babu zako. Leo yupo, kesho akirudi kwao je?"

Ntambo ni ule mlima mmoja wenye vijito pande zake, ambao ukoo unaushika kwa pamoja. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ardhi Umatengo imebana, na ukoo unaogopa kuimeguka. Nikajibu kwamba kwao alitoka akiwa na miaka kumi na tisa. Mama aliyekuwa amekaa karibu na mlango akaomba kusema. Nilidhani atanitetea, au atalia. Akasema:

"Shemeji, mashimo ya mlima ule ni ya nani? Nitajie mwanaume mmoja aliyechimba hata moja."

Hakuna aliyejibu. Binamu yangu mmoja aliinamisha kichwa akitabasamu. Tulimaliza kwa maelewano ya nusu: uanachama wa chama na akaunti viende kwa mama mara moja. Hati ya shamba isubiri, ukoo ukae tena.

Ukoo umekaa tena mara mbili. Hati haijatoka. Baba mdogo siku hizi akipita kwetu anasalimia akiwa njiani, haingii ndani, na hilo linamuuma mama kuliko anavyosema. Nami sina makala ya ushindi ya kukuletea. Miche arobaini imepandwa lakini, ndani ya kahawa, bila kumuuliza mtu. Thelathini na moja imepona.

Msimu uliofuata, malipo ya kahawa yaliingia kwenye akaunti yake kwa mara ya kwanza. Alinipigia siku mbili baadaye. Nilisubiri ile "asante baba". Haikuja. Aliniambia bei ya bati Mbinga mjini, akaniambia amenunua hisa kwenye VICOBA yao na amemlipia ada binti wa shangazi. Kisha akasema ana daftari amefungua, na ndani yake ameandika misimu minne.

"Kilo nazikumbuka zote," akasema. "Wewe tafuta bei zake, maana mlikuwa mnapewa karatasi. Halafu tuone ulinitumia ngapi."

Nilizitafuta. Mpaka sasa nimemlipa misimu miwili.